Mvumo wa Besi na Koili Mbili Zinazopingana

Mji wa Kabati, Kitui Magharibi, umekaa kwenye barabara ile ndefu inayotoka Kibwezi, ikapita Mutomo na Kitui mjini, kisha ikaendelea hadi Migwani. Jumapili asubuhi, ukipita kando ya makanisa ya huko kabla ya ibada kuanza, kuna sauti utakayoisikia kabla ya kwaya na kabla ya mhubiri. Ni mmmm nzito isiyopanda wala kushuka. Huanza pindi mpiga besi anapochomeka waya wa gitaa kwenye amplifaya, na haikomi mpaka vyombo vizimwe.

Wengi wameizoea. Wapo wanaomlaumu fundi wa mitambo, wapo wanaolilaumu gitaa kwa kuwa ni la mtumba, na wapo walioamua tu kwamba ndivyo besi ilivyo. Sivyo ilivyo. Mvumo huo una chanzo kinachojulikana na kimo kinachopimika, na dawa yake imekuwa ikiuzwa ndani ya magitaa tangu miaka ya 1950. Sehemu kubwa ya dawa hiyo haihitaji pesa nyingi. Ila katika hayo yanayofanywa kwa jina la dawa, moja linaweza kuua mtu, nami sitalizunguka.

Tuanze na stima yenyewe. Umeme unaofika nyumbani, dukani na kanisani nchini Kenya ni wa volti 240, na haupiti kwenye waya kwa kwenda mbele tu. Unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, yaani hezi 50. Mwaka 1820, huko Copenhagen, ilionekana kwamba sindano ya dira hugeuka ikiwekwa karibu na waya unaopitisha umeme. Kumbe kila waya wenye umeme unaopita huzungukwa na uga wa sumaku. Miaka kumi na mmoja baadaye, mjini London, mtafiti mwingine alithibitisha upande wa pili wa jambo hilo: uga wa sumaku unapobadilika ndani ya koili ya waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo, hata kama hakuna kitu kilichoigusa koili. Jenereta, transfoma iliyo juu ya nguzo na dinamo ya baiskeli zote zimesimama juu ya ugunduzi huo wa mwaka 1831. Pikapu ya gitaa la besi nayo ni mtoto wa ukoo huohuo.

Ifungue pikapu utakuta sumaku, na juu yake waya wa shaba mwembamba kuliko unywele uliozungushwa maelfu ya mara. Nyuzi za besi ni za chuma, kwa hiyo sumaku iliyo chini huzifanya nazo ziwe na usumaku kidogo. Uzi ukitikiswa, uga ulio ndani ya koili hutikisika pamoja nao, na umeme mdogo sana, sehemu tu ya volti, hutoka na kwenda kwenye amplifaya ili ukuzwe. Hakuna maikrofoni ndani ya besi. Pikapu haisikii sauti. Inahisi sumaku inayocheza.

Shida inaanzia hapo hapo. Koili haina njia ya kuuliza uga umetoka wapi. Nyaya za stima zilizopita ukutani, transfoma iliyo ndani ya amplifaya, injini ya feni na taa za mirija zenye choki ya kizamani, zote hurusha uga unaobadilika mara 50 kwa sekunde. Koili yenye maelfu ya mizunguko huupokea uga huo kwa moyo wote, ikauchanganya na muziki, na amplifaya ikakuza vyote viwili bila upendeleo.

Kwa nini besi iumie kuliko gitaa la solo? Hapa hesabu ndogo inasaidia, na nadhani ndiyo sehemu ambayo wapigaji wengi hawajawahi kuelezwa. Uzi mnene wa gitaa la kawaida, E, hulia kwa hezi 82 hivi. Mvumo wa hezi 50 uko chini ya noti zote za gitaa hilo, kwa hiyo mtu wa mikseri akikata sauti zote zilizo chini ya hezi 70, mvumo hupungua sana na gitaa halipotezi kitu cha maana. Besi haina nafasi hiyo. Uzi wake mnene hulia kwa hezi 41, wa pili kwa hezi 55. Ukibana uzi wa E kwenye freti ya tatu unapata G ya hezi 49. Mvumo wa stima umekaa pua kwa pua na noti hiyo. Anayejaribu kuukata mvumo kwa vifundo vya mikseri anaikata G ya besi pamoja nao, na kwaya inayoimba kwenye ufunguo wa G itapoteza msingi wake bila kujua umekwenda wapi.

Jambo hili linaweza kusikika kwa masikio matupu. Shikilia G hiyo kwa muda mrefu huku mvumo ukiwepo, nawe utasikia sauti ikiyumba taratibu, kama mara moja kwa sekunde. Hiyo ni tofauti kati ya 49 na 50. Marekani, ambako stima huenda na kurudi mara 60, mvumo huangukia kati ya B-flati na B, kwa hiyo mpiga besi wa huko hugombana na noti nyingine.

Sasa, watu walijifunzaje kuuondoa? Wangeweza kuendelea kutafuta namna ya kuzuia uga wa sumaku usifike kwenye gitaa, na wengine walijaribu. Lakini uga wa hezi 50 hauzuiliki kirahisi. Ndipo likaja wazo la kuacha kuuzuia. Uache uingie, tena uingie mara mbili, kwenye koili mbili zilizosukwa kwa mielekeo tofauti, kisha zijumlishwe.

Fikiria mizani ya sahani mbili ya muuza ndengu sokoni. Vumbi la barabarani likizishukia sahani zote mbili sawasawa, mizani haitikisiki. Hupimwa kile tu kilichowekwa upande mmoja. Koili mbili zilizounganishwa kwa kupingana hufanya hivyo. Mvumo unaotoka mbali huzifikia zote mbili kwa kiasi kilekile, na kwa kuwa moja imezungushwa kinyume cha nyingine, kinachotoka kwenye hii ni chanya wakati kinachotoka kwenye ile ni hasi. Vikikutana vinafutana.

Msomaji makini atauliza mara moja: na muziki je, si nao utafutika? Ungefutika kweli kama sumaku zingekuwa zinatazama upande mmoja. Ujanja uko kwenye sumaku. Koili ya pili haikugeuzwa waya peke yake. Imegeuzwa na sumaku yake pia, kaskazini ikawa kusini. Sauti ya uzi hutegemea sumaku iliyo chini yake, kwa hiyo inageuzwa mara mbili, na kitu kilichogeuzwa mara mbili hurudi kilivyokuwa. Mvumo haujali sumaku ya pikapu. Wenyewe unageuzwa mara moja tu, kwa waya. Kwa hiyo muziki hujumlishwa na mvumo hutolewa.

Unaweza kuisoma historia ya wazo hili kwenye magitaa yenyewe. Besi ya Fender Precision ilipotoka mwaka 1951 ilikuwa na koili moja, na ilivuma. Mwaka 1957 pikapu yake ilikatwa vipande viwili: kimoja chini ya nyuzi za E na A, kingine chini ya D na G, waya na sumaku zikiwa kinyume. Umbo lile la vipande viwili vilivyopishana, ambalo leo linaonekana kwenye besi nyingi za bei nafuu madukani Nairobi, si pambo. Ni kwa ajili ya kufuta mvumo. Mwaka 1960 ikaja Jazz Bass yenye pikapu mbili ndefu, kila moja ikiwa na koili moja. Kwenye besi za aina hii pikapu moja kwa kawaida husukwa kinyume cha mwenzake, kwa hiyo ukifungua vifundo vyote viwili vya sauti kwa kiasi sawa, mvumo hupotea. Punguza kimoja, mvumo unarudi. Nimewaona wapigaji wakishangazwa na jambo hili baada ya miaka mingi ya kumiliki chombo hicho, na dawa yao ilikuwa bure, chini ya vidole vyao.

Kuna tahadhari mbili hapa. Fundi akibadilisha pikapu moja ya Jazz na kuweka yoyote aliyoipata, huenda sumaku zisipingane, na faida yote ikaondoka. Dira ndogo ya shule inatosha kukagua: iweke juu ya pikapu moja kisha juu ya nyingine, na ncha ya sindano inayovutwa inapaswa kuwa tofauti. Na akikosea kuunganisha nyaya, gitaa litalia kwa sauti nyembamba isiyo na tumbo, kwa sababu sasa ni muziki unaofutana. Tahadhari ya pili ni ya masikio. Kufuta mvumo si bure kabisa. Koili mbili zilizopangwa juu na chini ndani ya pikapu moja mara nyingi hupunguza ule mng'ao wa sauti ya juu, na wapo wapigaji wazuri wanaoamua kuvumilia mvumo kidogo ili waulinde mng'ao huo. Sioni kosa hapo.

Mpaka sasa nimezungumzia uga wa sumaku. Upo uga mwingine, wa umeme, nao hutoka kwenye nyaya za stima hata pale ambapo hakuna kifaa kilichowashwa. Huu hutoa mlio mkali zaidi, zzzz badala ya mmmm, na una tabia inayoutambulisha: ukigusa nyuzi, unapungua. Mwili wa mpigaji hunasa uga huo na kuurusha kwenye gitaa. Chini ya daraja la nyuzi kuna waya mwembamba uliounganishwa na waya wa ardhi wa mfumo mzima, kwa hiyo mkono unapogusa chuma, mwili wenyewe unaacha kuwa antena.

Uga wa umeme, tofauti na mwenzake, hufungiwa nje kwa urahisi. Mwaka 1836 ilionyeshwa London kwamba mtu aliye ndani ya chumba kilichofunikwa karatasi ya chuma hafikiwi na umeme ulio nje, hata uwe mkali vipi. Fundi wa gitaa hukifanya chumba hicho kidogo ndani ya mbao. Hulifungua tumbo la besi, akabandika karatasi nyembamba ya shaba kwenye kuta zote na chini ya kifuniko, akahakikisha vipande vimegusana, kisha akaunganisha karatasi hiyo na waya wa ardhi kwa lehemu. Asipofanya hatua hiyo ya mwisho, kazi yote ni mapambo. Ni kazi ya mchana mmoja, na fundi yeyote anayetengeneza redio anaiweza akielezwa.

Lakini shaba hiyo haizuii mvumo wa transfoma. Kwa hezi 50, uga wa sumaku hupenya kwenye shaba kwa takriban milimita 9 kabla haujadhoofika hadi theluthi moja na kidogo. Karatasi yenye unene wa sehemu ndogo ya milimita ni kama haipo. Anayekuuzia karatasi ya shaba kwa ahadi ya kuondoa kila mvumo, ama hajui tofauti ya nyuga hizi mbili au anaijua na amenyamaza.

Kabla ya kununua chochote, basi, mtu ajue ana mvumo gani. Shusha sauti ya gitaa hadi sifuri. Mvumo ukibaki vilevile, gitaa halina hatia; tatizo liko kwenye waya, amplifaya au stima. Amplifaya ya zamani inayovuma kwa hezi 100 hata bila kitu kilichochomekwa, aghalabu ina kapasita zilizochoka. Hizo zisiguswe na mtu asiyezijua, kwani hubaki na umeme wa hatari hata baada ya plagi kuchomolewa. Mvumo ukipungua pamoja na sauti ya gitaa, basi simama mahali pamoja ugeuke polepole kama anayetafuta kibla. Ukisikia unazidi upande huu na kufifia upande ule, huo ni wa sumaku, na koili yako inaelekeana na chanzo. Hatua chache mbali na amplifaya huleta tofauti kubwa kuliko mtu anavyotarajia, kwa sababu uga wa transfoma hupungua haraka mno: ukiuzidisha umbali mara mbili, uga hushuka hadi kama sehemu ya nane. Mpiga besi anayekaa juu ya amplifaya yake kwa kukosa kiti anajitafutia mvumo mwenyewe. Hata koili mbili hazimsaidii vizuri hapo, kwa kuwa chanzo kilicho karibu sana hakizifikii kwa kiasi sawa.

Harusi na harambee za nje zina mambo yake. Jenereta ya petroli ya kawaida huzungushwa mara 3000 kwa dakika ili itoe hezi 50. Mzigo ukizidi, kwa mfano spika zote zinapopiga pamoja na jiko la umeme la wapishi kuwashwa, injini hulegea, na mvumo hushuka nayo. Ikishuka hadi mizunguko 2940, mvumo umekuwa hezi 49, yaani G kamili. Basi mvumo wa jenereta huhamahama, na hakuna kichujio kilichopangwa mahali pamoja kinachoweza kuufuata. Inveta za bei ya chini zinazochukua umeme wa betri ya sola huleta balaa jingine. Umeme wao haupandi na kushuka kwa ulaini; unaruka kwa ngazi, na kila ngazi huzaa milio ya juu inayosikika kama nyuki kwenye debe. Inveta ya wimbi laini hugharimu zaidi, na kwa kanisa au bendi inayotegemea sola, hapa ndipo ningeweka pesa kabla ya kununua pikapu mpya. Na ule mlio wa dididi-dididi unaotangulia simu kuita hautokani na stima kabisa. Ni simu ya mtandao wa 2G inayorusha mawimbi kwa vipande, mara 217 kwa sekunde. Itoe mfukoni.

Ukambani, ambako Kitui ipo, jambo hili lina uzito wake. Benga, ile ambayo Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers waliirekodi kwa Kikamba na Kiswahili miaka ya 1970 na 1980, ni muziki wa nafasi. Besi haijazi kila pengo. Inapiga, inaachia, inapiga tena, na kuna pahali muziki wote hukatwa gitaa la solo likabaki peke yake. Mapengo yale ni sehemu ya ngoma. Mchezaji anainua mguu ndani yake. Mvumo ukiyajaza, besi inakuwa nzito bila kuwa na nguvu. Kijana anayerekodi leo kwenye studio ya chumba kimoja akiupata mvumo ndani ya rekodi ya besi, kuutoa baadaye ni kazi ngumu, kwa sababu ileile ya G tuliyoiona. Afadhali usiingie.

Sasa lile la kuua.

Kuna mvumo unaotokana na vyombo viwili vilivyounganishwa kwa waya wa sauti huku kila kimoja kikichukua stima kwenye soketi yake ya mbali. Waya wa ardhi wa hiki na wa kile hufanya kitanzi, kitanzi hunasa uga, na mvumo unazaliwa. Mtu fulani aligundua zamani kwamba ukikata pini ndefu ya ardhi kwenye plagi ya amplifaya, mvumo huu hukoma. Ni kweli, hukoma. Na tangu siku hiyo amplifaya haina pa kuumwaga umeme ikiharibika ndani. Kumbuka ule waya mwembamba ulio chini ya daraja. Umeunganisha nyuzi na bodi ya chuma ya amplifaya. Volti 240 zikifika kwenye bodi, zimefika kwenye vidole vya mpigaji, na siku atakapogusa maikrofoni yenye ardhi salama kwa midomo, umeme utapita kifuani. Mwezi wa Mei mwaka 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni huku ameshika gitaa. Mfumo haukuwa na ardhi salama. Kwa hiyo pini ya ardhi haikatwi, na waya wa ardhi hauachwi bila kufungwa. Ukipata plagi iliyokatwa kwenye chombo cha mtumba, ibadilishe kabla ya kupiga noti moja.

Kitanzi kina dawa halali. Vyombo vyote vya jukwaani vichukue stima mahali pamoja, kwenye kebo moja ya soketi nyingi yenye uwezo wa kutosha. Isipowezekana, tumia DI boksi yenye transfoma ndogo ndani na kitufe cha kutenganisha ardhi ya waya wa sauti. Hiyo huacha ardhi ya stima ikiwa salama mahali pake.

Nyongeza moja ni ya ardhi yenyewe, ardhi ya Kitui. Jengo linapotegemea fimbo yake ya chuma iliyozikwa nje, fimbo hiyo hufanya kazi kwa kadiri udongo unavyopitisha umeme, na udongo mkavu wa kichanga hupitisha kidogo mno. Fimbo iliyopimwa wakati wa mvua za vuli, zile za Oktoba hadi Desemba ambazo mkulima wa Ukambani huzitegemea zaidi, inaweza kuonekana nzuri, kisha ikawa dhaifu mwezi wa Septemba. Izikwe kwa kina kinachofika unyevu, au ziwe zaidi ya moja, na fundi mwenye leseni aipime kiangazi. Ile swichi ya kinga inayokata stima pindi miliampia 30 zinapovuja ni ya lazima mahali penye maikrofoni na vyuma vingi. Ikikatakata stima ibadani, itafutwe sababu. Isirukwe kwa waya.

Haya yote yanahusu mpiga besi, lakini kanuni ya kusikiliza mara mbili na kutoa imesambaa mbali na jukwaa. Tangu miaka ya 1880 nyaya za simu zilianza kusokotwa mbilimbili ili kila uzi upokee kelele ileile na tofauti kati ya nyuzi hizo mbili ibaki kuwa maneno ya watu. Kebo ya kompyuta katika maabara ya shule leo ina jozi nne zilizosokotwa hivyo hivyo. Waya mzuri wa maikrofoni una nyuzi mbili za sauti ndani ya kinga kwa sababu hiyo.

Mama anayepelekwa kupimwa moyo kwa ECG analindwa nayo pia. Umeme wa moyo unaofika kwenye ngozi ni wa kama milivolti moja tu, ilhali mwili wake wote, ukiwa kwenye kitanda karibu na soketi, umebeba mvumo wa hezi 50 unaoweza kuwa mkubwa kuliko huo. Mashine hulinganisha sehemu mbili za mwili na kutoa kilicho sawa kwa zote, kisha pedi ya mguu wa kulia husaidia kuushusha mvumo uliobaki. Pedi ikibandikwa vibaya, ngozi ikiwa na mafuta au ikiwa kavu sana, usawa unapotea na mstari unajaa meno madogo. Muuguzi anayefuta ngozi na kurudia kipimo hapotezi muda wa mama yule. Analinda usomaji usidhaniwe kuwa ni ugonjwa, au ugonjwa usifichwe.

Mkulima naye. Wengi waliofunga pampu ya sola au betri ya taa wamegundua kwamba redio ya masafa ya kati imeanza kukoroma tangu siku hiyo. Kidhibiti cha chaji na inveta huwasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa, na nyaya ndefu zilizoachana kutoka kwenye paneli hufanya antena. Jaribu kuzisokota pamoja nyaya za chanya na hasi njia yote, zikiwa na ala zake salama na paneli zikiwa zimefunikwa au zimetenganishwa wakati wa kazi, kisha isogeze redio mbali na kidhibiti. Mara nyingi koromo hupungua. Halitakwisha kama kifaa chenyewe kimeundwa vibaya, na bei ya chini sana dukani huwa ni dalili.

Kuhusu vile vipedali vinavyotangazwa kuwa vinaua kelele, vingi hufunga sauti mpigaji anapotulia na kuifungua anapopiga. Mvumo haujaondoka, umejificha nyuma ya noti. Kwa benga yenye mapengo, kifaa hicho kinaweza kusaidia, ila kinaweza pia kukata mkia wa noti iliyopaswa kufifia yenyewe. Na waya wenye vichwa vya dhahabu hauna dawa ya hezi 50. Waya wenye kinga nzuri na jeki zilizounganishwa vyema unatosha.

Katika mtaala wa 8-4-4, mwanafunzi wa Kidato cha Nne hukutana na uzalishaji wa umeme kwa sumaku pamoja na stima ya majumbani, mada mbili zinazofuatana kwa karibu na ambazo wengi huzikariri kwa ajili ya KCSE. Mwalimu wa fizikia wa Kabati anaweza kuzifundisha zote kwa besi moja ya kuazima kanisani, dira na amplifaya ndogo yenye plagi nzima. Kwanza darasa lisikie mvumo na kuutafutia kimo chake kwenye uzi wa E. Kisha mmoja azunguke na gitaa huku wenzake wakichora mahali mvumo unapozidi. Halafu, kama besi ni ya pikapu mbili, afungue kifundo cha pili polepole, na darasa liandike kwa maneno yake kwa nini chombo kilichoongezewa koili kimenyamaza.